Rasimu ya mkakati wa uchumi wa wilaya yetu ina kurasa 84 lakini "mashudu" hayamo. Naombeni michango kabla ya kikao

#1 Mkamuaji

Wakuu, habari za jioni.

Niko kwenye moja ya halmashauri nane za mkoa huu wa Dodoma. Ipi, tuache, nisije nikaleta jambo mkaishia kumjadili mtu. Nina mashine mbili za kukamua alizeti, filta moja na vijana wanne. Msimu ukichanganya wanafika tisa.

Wiki iliyopita nimepigiwa simu na ofisi ya biashara: nimeteuliwa kuwakilisha wasindikaji kwenye kikao cha wadau cha kupitia rasimu ya mkakati wa maendeleo ya uchumi wa wilaya. Rasimu nikatumiwa kwa WhatsApp. Kurasa 84. Nimeisoma yote, siku tatu, usiku baada ya kufunga mashine.

Niseme haki, haijaandikwa ovyo. Ramani ipo, vijiji vimeorodheshwa sawasawa, na ile sehemu ya nguvu, udhaifu, fursa na vikwazo haijakosekana, haijawahi kukosekana. Wamepatia kwamba mvua yetu ni milimita 500 hadi 600 na ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Halafu nikatafuta kwenye simu neno "mashudu", yaani makapi ya mbegu yanayobaki ukishakamua mafuta, ambayo ni chakula cha mifugo. Hamna. Nikatafuta "chupa". Hamna. "Gunia" limetokea mara moja, kwenye maelezo ya picha.

Kwa ambao hamjawahi kukaa kinuni: gunia la alizeti lisilo lumbesa, yaani lisilojazwa kupita mdomo, lina kilo sitini na kitu. Mbegu ya Record iliyochoka kwa kupandwa na kupandwa tena inanipa lita 14, nikibahatika 15. Chotara inapanda mpaka ishirini. Kinachobaki ni mashudu, na hayo ndiyo yanayolipa umeme na vijana. Wenzangu wengine wanamkamulia mkulima bure kabisa, ujira wao ni kubaki na mashudu. Kwa hiyo mwezi ambao wafugaji wa kuku wa mjini wamepunguza kununua chakula, mimi nimepata hasara hata kama mafuta yameisha yote. Mkakati wa wilaya ya alizeti usiojua hilo umeandikwa na mtu aliyepita barabarani kioo cha gari kikiwa juu.

Ila kinachoniuma zaidi ni kalenda. Alizeti huku inavunwa Mei, Juni, Julai inamalizikia. Bei inakuwa chini kwa sababu kila mkulima ana deni la dukani na kila mmoja anauza siku hizo hizo. Mwenye hela Juni ndiye anayekamua mpaka Januari. Mimi nanunua gunia mia mbili, Agosti zimekwisha. Ukija kwangu Oktoba utakuta buibui kwenye mdomo wa mashine.

Sasa itazameni hela ya halmashauri inavyotembea. Mikopo ya asilimia 10, yaani nne ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu, inatokana na mapato ya ndani. Mapato ya wilaya kama yetu kwa sehemu kubwa ni ushuru wa mazao. Ushuru unaingia mazao yakishauzwa. Hapo ndipo hela inapatikana, ipite kata, ipite kamati, vikundi vikaguliwe, mikataba isainiwe. Novemba. Alizeti Novemba haiko tena kwa mkulima, iko kwenye ghala la mtu na ina bei nyingine. Mkopo wa kununulia malighafi unafika malighafi imeshaondoka.

Jambo jingine. Sensa ya 2012 ilikuta Jiji la Dodoma lina watu 410,956. Ya 2022 imekuta 765,179. Hao wote wanakaanga. Nina soko lililokaribia kujirudia mara mbili kwa miaka kumi, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kinuni, halafu rasimu inaniambia fursa yangu ni "masoko ya kimataifa". Nyanya za mjini zinatoka Ilula huko Iringa, na mafuta kwenye rafu za maduka yanatoka popote isipokuwa kwangu.

Kikao ni wiki ijayo. Sitaki kwenda kulalamika, nataka niende na jambo moja au mawili yanayoshikika. Nipeni.

#2 Kijiwe cha Nzuguni

Kurasa 84 na posho ya kikao haijatajwa? Hiyo rasimu ni feki mkuu.

#3 Mzee wa Vikao

Mkamuaji, nimekusoma. Mimi ni mstaafu, afisa biashara kwenye halmashauri tatu tofauti, na moja ya hizo mkakati wake niliuandika kwa mkono wangu, kwa hiyo kidole chako kimenigusa na mimi.

Nikueleze inavyokuwa. Anakuja mfadhili au inakuja barua: kila halmashauri iwe na mkakati. Anatafutwa mshauri mwelekezi, anapewa siku thelathini. Anaomba takwimu idarani. Idara zinampa zilizoandikwa kwenye taarifa ya mwaka jana, ambazo nazo zilitoka kwenye taarifa ya mwaka juzi. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Ila mtu wa mashudu hayumo kwenye taarifa ya mwaka jana, basi na kwenye mkakati hatakuwamo.

La pili ni ofisi yenyewe. Tangu muundo wa 2022 tuna Divisheni ya Viwanda, Biashara na Uwekezaji, jina kubwa. Kwenye kituo changu cha mwisho tulikuwa watu wawili na pikipiki moja. Kila Ijumaa simu ya juu iliuliza swali moja: leseni ngapi, makusanyo shilingi ngapi. Kwa miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza biashara ngapi zimekua au mashine ngapi zimelala. Sasa afisa anayepimwa kwa alichokusanya utamwonaje dukani kwako? Utamwona na mashine ya POS mkononi, na wewe ukimwona utafunga mlango wa nyuma. Halafu siku ya semina tunakaa naye meza moja tunazungumzia "huduma za uendelezaji biashara".

Kwa hiyo jambo langu la kwanza: dai kiwekwe kipimo. Mwisho wa robo mwaka, divisheni itoe taarifa ya biashara ilizozishika mkono na zimefika wapi, kwa idadi, pembeni ya ile ya makusanyo. Ukurasa mmoja unatosha. Mtu anafanya anachoulizwa.

La pili, angalia tarehe. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi lakini bajeti inapikwa kuanzia Novemba. Jambo lililoandikwa kwenye mkakati bila kifungu cha bajeti ni maiti iliyovishwa suti. Kikao chenu kikiwa kabla ya Desemba, mna nafasi. Kikiwa Machi, mmeitwa kupiga picha.

La tatu, uliza Baraza la Biashara la Wilaya lilikaa lini mara ya mwisho. Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, na ndipo mahali pekee ambapo mfanyabiashara anaweza kusema na mkurugenzi akalazimika kujibu kwenye muhtasari. Tulipokuwa na LIC, mradi wa Denmark wa kuboresha mazingira ya biashara, uliofanya kazi Dodoma na Kigoma, baraza la wilaya niliyokuwepo lilikaa vizuri. Mradi ulipoondoka tukagundua kumbe wajumbe walikuwa wanakuja na nauli ya mradi.

#4 Zabibu Mara Mbili

Mzee umeua hapo kwa suti 😂

Mimi niko upande wa Hombolo. Kalenda anayoisema Mkamuaji kwetu ni mbaya mara mbili kwa sababu sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Watu wanadhani hiyo ni neema. Zabibu haina subira ya alizeti. Gunia la alizeti ukilikosea Juni utaliuza Septemba. Zabibu ya kutengenezea mvinyo ikiiva ina siku, na wanunuzi wote wanajua kwamba ina siku. Ndiyo maana wengi tumejifunza kukamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi, yaani maji ya zabibu, kwenye matangi. Mchuzi unakununulia muda.

Lakini tangi ni hela, umeme ni hela, na dawa ya kuzuia mchuzi usichachuke inataka mtu anayeipima kwa mizani, siyo kwa kijiko cha chai. Nimewahi kumwaga lita mia nane za mchuzi kwa kosa la kijiko. Harufu ilikaa uani mwezi mzima, kuku walilewa.

Kituo cha Makutupora cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kipo hapo hapo, na aina za zabibu tunazolima ndizo zinazobeba jina lake. Elimu ipo kilomita chache. Kinachokosekana ni mtu wa halmashauri wa kusema: Jumanne mtaalamu anakuja kata fulani, leteni sampuli za mchuzi wenu. Hicho ndicho mimi ningekiita msaada wa biashara. Kwenye mkakati kiandikwe hivyo hivyo: Jumanne, kata, sampuli.

#5 Mkweli wa Kizota

Mtanisamehe. Wafanyabiashara wa mkoa huu mnalia sana. Halmashauri siyo benki na siyo mama yenu. Nina duka la jumla, nawajua wasindikaji wetu. Anakuletea mafuta, risiti hana. Ukimuuliza alama ya ubora ya TBS anakwambia "iko kwenye mchakato" mwaka wa nne. Mzigo wa kwanza mzuri, wa pili una masimbi chini. Halafu anaandika uzi kwamba mafuta ya wengine yamejaa rafuni. Yamejaa kwa sababu yanakuja Jumatatu yakiwa sawa na ya Jumatatu iliyopita.

Na tangu treni ya SGR ifike Dodoma, Julai 2024, wateja wangu wa rejareja wanaenda Kariakoo asubuhi wanarudi jioni. Mimi nimelia wapi? Nimepunguza bei na nimeongeza usafirishaji mpaka mlangoni.

#6 Mkamuaji

Mkweli, umenipiga panapouma na sitabisha.

Mwaka juzi nilipeleka katoni sita kwenye duka kubwa moja la mjini. Wiki ya tatu nikaitwa. Mwenye duka akachukua chupa moja, akapitisha kidole gumba juu ya lebo, ikatoka nzima kama ganda la ndizi mbivu. Mafuta yalikuwa yanavuja kidogo kidogo kwenye kifuniko, yanashuka, yanalainisha gundi. Hakusema kitu. Akanirudishia katoni tano na nusu.

Lile kosa ni langu. Ila nisikilize lilikotoka. Vifuniko vyenye pete ya kukatika viko Dar, na kiwanda hakikuuzii mia tano. Wanataka oda ya maelfu. Nikaokota vifuniko vya rejareja visivyolingana na shingo ya chupa. Chupa tupu nazo zinasafirishwa: gari zima unalilipia kubeba hewa. Kwa hiyo tatizo lililoonekana dukani kwako kama uzembe, kwangu lilikuwa la oda. Wasindikaji tuko kumi na moja wilayani, kila mmoja anaokota vifuniko kivyake. Hilo wala halihitaji mkopo.

Mzee wa Vikao, kikao ni Novemba hii. Tuna nafasi.

#7 Mama Watano

Habari zenu. Niseme kuhusu asilimia 10 maana naona mnaizungumza kwa mbali.

Sisi ni kikundi cha wanawake watano, tunashona sare za shule. Mkopo wa kwanza tulipata, tukarejesha wote, bila riba kama sheria inavyosema. Tulipotaka wa pili ikawa ndiyo ile Aprili 2023 mikopo imesimamishwa nchi nzima baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikaja kufunguliwa 2024 kwa utaratibu mpya. Wenzetu wa Jiji wakaingia kwenye zile halmashauri kumi ambazo mikopo inapitia benki. Sisi wa wilayani tukabaki na utaratibu wa halmashauri.

Nataka kusema mambo ambayo kwenye semina hayasemwi. Kikundi cha watano, mara nyingi biashara ni ya mmoja. Wanne ni majina. Siyo wezi, ni mashemeji, ni majirani, wamekuja kumsaidia mwenzao afikishe idadi. Mashine ya kukamua ya Mkamuaji utaigawaje kwa watu watano? Lakini karatasi inataka watano, basi tunaleta watano. Siku mambo yakienda vibaya ndipo utajua nani alikuwa jina.

Na kuhusu kalenda, jamani, hela ya ushuru siyo hela pekee iliyo kwenye ile akaunti. Kuna marejesho. Sisi tulikuwa tunarejesha kila mwezi, na vikundi vingine vilevile. Marejesho yanatakiwa kukopeshwa tena. Yale ya Januari mpaka Aprili yanakaa yakisubiri nini? Yangetolewa Mei kwa watu wa mazao. Sisi wa sare tusipewe Mei, sisi tupewe Oktoba ili Januari shule zikifunguliwa tuwe tumemaliza. Kila biashara ina mwezi wake wa kukopa, lakini fomu haina hata mahali pa kuandika mwezi.

#8 Mzee wa Vikao

Mama Watano, miaka yote nimekaa kwenye ile kamati na sikuwahi kuliwaza hilo la mwezi. Nimeinua mikono.

Mkamuaji, achana na mambo yangu, chukua hilo. Halihitaji kubadilisha sheria, linahitaji mweka hazina, afisa maendeleo ya jamii na afisa biashara wakae saa mbili na kalenda ya ukutani.

#9 Jirani wa Makueni

Wakuu, niruhusiwe kuchangia kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku Kenya tuna kaunti 47 tangu 2013, zilitokana na Katiba ya 2010. Gavana anachaguliwa na wananchi, na sehemu isiyopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa lazima iende kaunti. Kila kaunti ina mpango wake wa miaka mitano, tunauita CIDP, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Kwa hiyo karatasi tunazo nyingi kuliko nyinyi.

Makueni ni nyanda kame kama Dodoma. Zao letu ni maembe, na maembe nayo huiva yote pamoja kama zabibu za huyo ndugu. Kaunti ikajenga kiwanda cha kusindika pale Kalamba. Kilipoanza kununua, hata dalali aliyezoea kuja na bei yake mfukoni alibadilisha lugha, maana mkulima alikuwa na pahali pengine pa kupeleka. Hiyo ndiyo faida niliyoiona kwa macho. Lakini kuendesha kiwanda si kazi ya ofisi inayofunga saa kumi na moja. Spea ikiharibika unangoja zabuni.

Msituonee wivu sana. Kaunti nyingi huku zina madeni ya wafanyabiashara waliouza bidhaa na hawajalipwa miaka. Mtu amepewa zabuni kwenye ile asilimia 30 iliyotengewa vijana na akina mama, amekopa akapeleka mzigo, ofisi inamwambia ngoja. Biashara imeuawa na mteja wake mwenyewe.

#10 Kijiwe cha Nzuguni

"Biashara imeuawa na mteja wake mwenyewe." Hii naiandika nyuma ya bajaji.

#11 Dada wa NeST

Jirani amegusa eneo langu. Hata huku sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu. Tangu Oktoba 2023 tulipoachana na mfumo wa zamani wa TANePS, kila kitu kinapita NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni. Mimi kazi yangu ni kuwasajili watu kwenye huo mfumo, nakaa stationari, nalipwa kwa fomu.

Ninachokiona kila siku: mama ana biashara nzuri, TIN anayo, leseni anayo kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, jina amesajili BRELA. Anasajiliwa, anaondoka na tabasamu. Haji tena. Kwa nini? Hana simu yenye bando ya kuangalia zabuni kila siku, zabuni inafunguliwa inafungwa yeye yuko shambani. Shule ya bweni iliyo kilomita nne kutoka kwake inanunua mafuta ya kupikia kwa mtu wa mkoa mwingine, kihalali kabisa.

Divisheni ya biashara ingekuwa na kijana mmoja wa kuangalia zabuni za taasisi za wilayani na kutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wasindikaji, ingetosha. Shilingi ngapi hiyo? Na kingine, wilaya ianze kwa taasisi zake. Taasisi ikichelewa kumlipa mjasiriamali mdogo zaidi ya mwezi, liwe jambo la kusomwa kwenye baraza la madiwani.

#12 Mpita Njia

Mkamuaji usisahau ushuru. Kwenye vizuizi vya mazao barabarani wanawababaisha watu. Sheria ilirekebishwa 2017: mzigo usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine haulipiwi. Na mlipaji ni mnunuzi, siyo mkulima. Ukimwambia kijana wa kizuizini anakwambia "mimi nina mashine tu". Bango moja la mbao pale getini lenye maneno hayo lingesaidia wengi kuliko kongamano la uwekezaji.

#13 Mkweli wa Kizota

Nikubali kwamba la vifuniko sikulijua. Lakini bado: SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo Dodoma, barua ya utambulisho ya kwenda TBS inatolewa. Tangu 2019 chakula kimehamia TBS kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo mlango ni mmoja. Waendeni.

#14 Mkamuaji

Nimeenda, mkuu. Barua ninayo. Kilichonirudisha nyuma ni chumba cha kujazia: sakafu, dari, beseni la kunawia, wavu wa inzi. Ni haki kabisa kudaiwa hivyo. Ila kila mmoja wetu kumi na mmoja anajenga chumba chake kidogo kisichotosheleza. Wilaya ina majengo ya soko yamefungwa milango tangu yajengwe, mawili nayajua kwa macho. Chumba kimoja chenye vigae, tukijazia kwa zamu na kulipa kodi, kingefanya kazi hiyo. Naiongeza kwenye karatasi yangu.

Ninayo sasa: mwezi wa kukopa, kipimo cha divisheni, chumba cha kujazia, kijana wa zabuni, bango la kizuizini. Ni vitano, vimezidi, lakini tutaona vipi vitapita.

#15 Mkamuaji

Mrejesho wa kikao, wakuu.

Tulikuwa kama arobaini. Projekta ilichukua dakika ishirini kuwaka. Mshauri mwelekezi alipitisha slaidi, kijana mwelewa kuliko nilivyomdhania. Nilipopewa nafasi nilianza na gunia. Nilikuwa nimebeba mashudu kwenye mfuko wa rambo, nikayaweka mezani. Diwani mmoja mfugaji akayanusa akasema haya ni ya Record, hayana mafuta ya kutosha, akacheka. Kuanzia hapo watu wakaamka.

Bango la kizuizini: mkurugenzi kasema liwekwe hata kabla ya mkakati. Nimepita jana, halijawekwa.

Kipimo cha divisheni: kimeingia kwenye jedwali la mwisho la ufuatiliaji, maneno karibu yale yale ya Mzee wa Vikao. Afisa biashara mwenyewe alikitetea, nilishangaa. Alisema amechoka kukimbiwa.

Kijana wa zabuni: "tutaangalia ikama", yaani idadi ya watumishi. Mnajua maana yake.

Chumba cha kujazia: kuna mvutano. Jengo nililolisema lina mpangaji kwenye makaratasi ambaye hajawahi kufungua. Sikuchimba zaidi pale, kulikuwa na macho.

Mwezi wa kukopa ndio uliochukua saa nzima. Mweka hazina alianza kwa kukataa, akasema asilimia 10 ni ya makusanyo, haiwezi kukopeshwa kabla haijakusanywa. Ndipo nikatoa la Mama Watano, marejesho. Akanyamaza, akafungua laptopu, akaangalia akaunti. Hakutaja kiasi, ila alisema, "Yapo." Akaweka sharti: vikundi vya mazao viwe vimeshakaguliwa mwisho wa Februari, la sivyo Mei haitawezekana. Afisa maendeleo ya jamii akasema Februari magari yote yanakuwa kwenye zoezi jingine. Wakabishana. Wamekubaliana ukaguzi uanze Januari kwa kata tatu za alizeti, za majaribio. Imeandikwa kwenye muhtasari, nimeupiga picha.

Na "mashudu" sasa yamo, ukurasa wa 47. Wameandika "mashuda". Nimeomba warekebishe.

#16 Mama Watano

Nimesoma mara mbili. Na Oktoba ya watu wa sare?

#17 Mkamuaji

Mama, niliisema. Wakasema tuanze na alizeti kwanza. Nakuomba uje kwenye baraza la biashara mwenyewe, mimi sijui kushona, nikiulizwa swali la pili nitakwama. Mzee wa Vikao kanitumia jina la kamati ya kuandikia barua, nakuletea inbox.

#18 Zabibu Mara Mbili

Sisi wa zabibu tumenyamaza, ila tunawatazama. Hilo la Jumanne na sampuli nimelipeleka kwa mtendaji wa kata yetu. Kasema nilete barua.

#19 Mkamuaji

La vifuniko hatukulisubirisha kwenye mkakati. Kati ya wale kumi na mmoja, saba tumeshachangia. Kiwanda cha Dar kimekubali oda moja, chupa na vifuniko pamoja, na gari linalopeleka mashudu Dar ndilo litakalorudi na chupa, kwa hiyo ile hewa tutaisafirisha kwa nusu bei. Mwisho wa kuchangia ni Jumamosi.

#20 Mpya Kibaigwa

Mimi ni wa nane, nimeuona uzi leo. Nakamua hapa Kibaigwa, nauza zaidi barabarani. Kabla sijatuma hela: chupa mnazoagiza shingo ni milimita ngapi? Zangu za zamani ni 28, nina gunia tatu zimebaki, sitaki vifuniko vije visizitoshe.